MTOTO MCHANGA ANAPOHEMA KWA SHIDA USIKU

Ni saa nane usiku, mwezi wa Julai, huku kwetu nyanda za juu. Nyumba nzima imelala. Mama anaamshwa, si na kilio, bali na sauti: mtoto wake wa miezi minne anakoroma puani, na kifua kinapanda na kushuka upesi kuliko kawaida. Anamgusa paji la uso, ana joto. Anamwamsha mumewe. Baba anasikiliza kidogo, anasema: "Ni mafua tu haya, tungoje kukuche." Bibi naye kutoka chumba cha pili anasema mtoto amepigwa na baridi, aongezewe blanketi na apakwe mafuta ya kuchua kifuani. Zahanati iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na nje ni ukungu mtupu.

Je, wangoje asubuhi au waondoke sasa?

Tuseme ukweli: mara nyingi baba huyu atakuwa amesema sawa. Watoto wengi wanaokoroma usiku wana mafua ya kawaida tu, na asubuhi wataamka wakicheka. Lakini safari moja moja siyo mafua. Ni homa ya mapafu, yaani nimonia, ambayo wengine huiita kichomi. Ugonjwa huu peke yake uliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano duniani katika mwaka 2019. Na kwa mtoto mchanga mwenye nimonia kali, saa tano au sita za kungoja jua lichomoze si kitu kidogo. Mtoto aliyekuwa bado ananyonya saa nane usiku anaweza kufika zahanati saa mbili asubuhi hana nguvu hata ya kulia.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mganga ili kutofautisha. Unahitaji taa, saa na dakika chache za utulivu. Mambo haya ndiyo wanayofundishwa wahudumu wa zahanati, na mama au baba yeyote anaweza kuyajua vilevile.

Mtoto mzima hupumuaje?

Kwanza tuondoe hofu zisizo na sababu. Mtoto mchanga hapumui kama mtu mzima. Hupumua kwa tumbo zaidi kuliko kwa kifua, hupumua upesi, tena bila mpangilio. Katika wiki zake za kwanza anaweza kuvuta pumzi za haraka haraka, kisha akanyamaza kabisa kwa sekunde tano au nane, halafu akaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Mama wa uzazi wa kwanza akiona hivyo moyo wake husimama! Ikiwa kituo hicho hakifiki sekunde kumi, na mtoto habadiliki rangi, ni kawaida, na hali hiyo huisha yenyewe kadiri anavyokua.

Tena, mtoto wa miezi ya mwanzo hupumua hasa kwa pua. Bado hajazoea kufungua mdomo avute hewa kama tufanyavyo sisi tukiwa na mafua. Kwa hiyo kamasi kidogo tu inatosha kumsumbua na kutoa kelele kubwa, hasa akilala, kwa kuwa akiwa amelala chali makamasi hurudi nyuma kooni. Ndiyo maana mtoto aliyeshinda vizuri mchana huonekana mgonjwa usiku. Kelele ya puani yenyewe siyo kipimo cha ugonjwa. Wako watoto wanaokoroma kama wazee na ni wazima kabisa, na wako wenye nimonia ambao hawatoi sauti yoyote.

Washa taa, fungua nguo, hesabu

Basi usisikilize tu gizani. Washa taa au tochi. Mfunue mtoto, inua fulana yake mpaka uone kifua chote na tumbo. Usimwamshe kama amelala, na kama analia mbembeleze kwanza mpaka atulie, maana mtoto anayelia au anayenyonya hahesabiki.

Sasa baba ashike saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Hata zile ndogo za vitufe nyingi zina saa ya kuhesabu sekunde. Aseme "anza", na dakika moja kamili ikiisha aseme "basi". Mama naye ahesabu: tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Usihesabu nusu dakika kisha ukazidisha kwa mbili, kwa sababu upumuaji wa mtoto hubadilika badilika na utakosea. Ukipata idadi kubwa, hesabu mara ya pili.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili anapumua haraka kupita kiasi akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika. Mwenye miezi miwili hadi kumi na miwili, ni 50 au zaidi. Aliyetimiza mwaka mmoja na hajafika miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ningependa namba hizo tatu ziandikwe nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, au juu ya jalada la kadi ya kliniki, maana saa nane usiku hakuna anayekumbuka alichosoma gazetini.

Baada ya kuhesabu, tazama kifua. Hili ni muhimu kuliko namba. Mtoto mzima akivuta hewa ndani, kifua na tumbo huinuka pamoja. Mtoto ambaye mapafu yake yamekuwa mazito kwa ugonjwa hulazimika kuvuta kwa nguvu mno, na hapo utaona sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, inabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Si ngozi kati ya ubavu na ubavu tu, bali ukingo wote wa chini wa kifua. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, kubonyea kidogo sana kunaweza kuwa kawaida kwa kuwa mbavu zake bado ni laini. Kukiwa ni kwingi na kunaonekana wazi, ni hatari.

Kama ni pua

Tuseme umehesabu pumzi 38, kifua hakibonyei, na mtoto akiwekwa titi analishika kwa hamu, kisha analiachia kwa hasira kwa kuwa pua imeziba. Huyo ana mafua. Hasira yake ni dalili nzuri. Mimi hupendelea mtoto anayegomba kuliko yule aliyenyamaza mno.

Chemsha kikombe kimoja cha maji, weka chumvi isiyofika nusu ya kijiko cha chai, koroga, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia matone mawili au matatu katika kila tundu la pua, kwa kijiko safi au kwa kipande cha kitambaa safi kilicholoweshwa. Ngoja kidogo, kisha pangusa makamasi yanayotoka kwa ncha laini ya kitambaa. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha na kabla ya kumlaza. Maji hayo usiyaweke hadi kesho kutwa, tengeneza mengine. Usiingize kijiti chenye pamba ndani ya pua.

Mshike wima kifuani pako kwa muda, ngozi kwa ngozi, ukijifunika naye kanga. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Maziwa ya mama hulainisha koo kuliko dawa yoyote ya kikohozi, na aliye chini ya miezi sita hahitaji kingine. Dawa za kikohozi za chupa hazifai kwa watoto wachanga. Asali pia, pamoja na sifa zake zote, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Yale mafuta ya kuchua yenye kafuri na mentholi ambayo bibi anayaulizia, chupa zake zenyewe nyingi huonya yasitumiwe kwa walio chini ya miaka miwili. Harufu yake kali hutupa sisi wakubwa nafuu, lakini kwa mtoto mchanga inaweza kuchokoza njia ya hewa na kuongeza makamasi. Tumweleze bibi kwa heshima. Enzi zake hakuna aliyemwambia. Na kumfukiza mtoto mvuke wa maji moto chini ya blanketi tuache kabisa. Haikuonekana kusaidia, na watoto wengi wameungua.

Kabla hamjarudi kulala, hesabu tena baada ya nusu saa au saa moja. Mafua yanaweza kushuka kifuani usiku huohuo.

Hapa msingoje kukuche

Ondokeni usiku uleule ikiwa kifua kinabonyea kama nilivyoeleza. Ikiwa mtoto anaguna kila anapotoa pumzi. Ikiwa kichwa kinatikisika kwa kila pumzi au mianzi ya pua inatanuka. Ikiwa ametulia lakini anapovuta hewa inasikika sauti ya kukwaruza kooni. Ikiwa hawezi kunyonya kabisa au anatapika kila kitu. Ikiwa amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mtazame pia ulimi na ndani ya midomo. Kwa mtoto mweusi usitazame ngozi, itakudanganya. Tazama ulimi na ufizi. Ukiona umekuwa wa kijivu au samawati, hewa haimtoshi.

Kupumua haraka peke yake, kwa mtoto mwenye zaidi ya miezi miwili ambaye kifua hakibonyei na ananyonya vizuri, kunatibika katika zahanati asubuhi na mapema sana, mkiwa mmekesha mkimwangalia. Nasema asubuhi mapema, si baada ya kukamua ng'ombe na kuchota maji. Kama usafiri upo usiku huo, hakuna sababu ya kungoja.

Lakini aliye chini ya miezi miwili hana nafasi ya kungojewa. Akipumua haraka, au asiponyonya, au akiwa na joto la 37.5 na kuendelea, au amekuwa baridi isivyo kawaida, aondoke naye sasa hivi. Vichanga hawa hawaonyeshi dalili nyingi. Mara nyingine kukataa titi ndiyo dalili pekee.

Akisimama kupumua kwa sekunde zipatazo 20, au kwa muda mfupi zaidi lakini akabadilika rangi, msugue nyayo na mgongo. Asipoanza, funika pua na mdomo wake kwa mdomo wako, upulize pumzi ndogo ndogo za mashavuni, kifua kiinuke kidogo, huku mwenzako akitafuta usafiri. Hata akizinduka, aende hospitali.

Shida ikianza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima sekunde chache nyuma, fikiri juu ya kupaliwa: maziwa, punje ya hindi, karanga aliyopewa na kaka yake. Akiweza kukohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiuno, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, msukume mara 5 katikati ya kifua. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Njiani na zahanatini

Mbebe wima mbele, kifuani, si mgongoni ambako humwoni. Mfunike kwa baridi lakini uso uwe wazi. Kama ananyonya, mpe kidogo kidogo njiani. Kama anahema sana hata anapaliwa, usimlazimishe. Chukua kadi ya kliniki.

Mkifika, neno la kwanza liwe: "Mtoto anapumua kwa shida." Usikae kwenye benchi kungoja zamu yako kwa adabu. Heshima ni nzuri, lakini mtoto wa namna hii hatakiwi kupanga foleni, na wahudumu wanajua hivyo. Watamhesabu pumzi kama ulivyofanya nyumbani. Katika vituo vyenye kifaa, watambana kidole au mguu kwa chombo kidogo chenye mwanga kinachopima oksijeni katika damu. Ikiwa chini ya 90 kwa mia, anahitaji oksijeni, na zahanati isiyo nayo itampeleka mbele. Baadhi ya wazazi huiogopa oksijeni, kwa kuwa wamewaona wagonjwa mahututi wakiwekewa kisha wakafa. Haikuwa oksijeni iliyowaua. Mruhusuni mtoto awekewe.

Watampima malaria pia, kwani mtoto mwenye malaria au upungufu mkubwa wa damu naye huhema sana. Asikutolee mtu dawa kwa kukisia ikiwa kipimo kipo.

Akionekana ana nimonia isiyo kali, atapewa amoksilini. Siku hizi ipo ya vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama kidogo, asubuhi na jioni, mara nyingi kwa siku 5. Mtoto huweza kuchangamka siku ya pili, na hapo ndipo mama wengi huacha dawa na kuiweka kabatini "kwa ajili ya siku nyingine". Maliza zote. Na dawa iliyobaki ya mtoto wa jirani usiitumie. Mrudishe akaangaliwe baada ya siku mbili au tatu hata kama anaonekana amepona, na upesi zaidi akizidiwa.

Jiko la mkaa chumbani

Huku kwetu Njombe, Makete, Mufindi na kwingineko kwenye baridi, wengi huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga dirisha na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Mkaa usiotoa moshi hudhaniwa kuwa salama. Kumbe ndio hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Familia nzima inaweza kulala isiamke, na mtoto mchanga huathirika upesi kuliko wakubwa. Kama mmeota moto, jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama bado lina makaa. Mkiamka usiku na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na mtoto amelegea, fungueni mlango na mtoke wote mara moja.

Moshi wa kuni, wa koroboi, wa dawa ya mbu ya kuchoma, na wa sigara ya baba, wote huudhi mapafu ya mtoto na kumfanya ashikwe na nimonia kwa urahisi. Chandarua kinatosha kwa mbu. Baba na avutie nje. Au bora zaidi, aache.

Mtoto alazwe chali, si kifudifudi wala ubavu. Hata madaktari wa Ulaya zamani walishauri kifudifudi wakidhani ni salama, mpaka ilipodhihirika kuwa waliolazwa hivyo walikuwa wakifa ghafla usingizini zaidi ya wengine. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Pua ikiziba usimwekee mto chini ya kichwa. Shingo hujikunja na njia ya hewa ikabanwa. Najua kwamba katika nyumba nyingi mtoto hulala na mama yake, na kwenye baridi hii siwezi kulaumu. Basi alale upande wa mama, si katikati ya watu wawili wala karibu na ndugu zake wadogo, blanketi zito lisifike usoni pake, na aliyekunywa pombe asilale kitanda hicho.

Kukata kimeo

Bado tunaletewa watoto waliokatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Wazazi huambiwa kimeo kimekuwa kirefu, kinamziba mtoto. Kimeo hakileti kikohozi wala nimonia. Kukikata kwa kisu au uzi kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda na usaha kooni, na wakati huo ugonjwa wenyewe wa mapafu ukiendelea bila tiba. Gharama anayodai mkataji mara nyingi ingetosha nauli ya pikipiki ya kwenda zahanati na kurudi.

Kinachopunguza nimonia kweli ni chanjo. Zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga dhidi ya kifaduro na baadhi ya vijidudu vinavyosababisha nimonia. Ile ya nimokoko iliingia katika ratiba ya Kenya mwaka 2011 na ya Tanzania mwaka 2013. Surua nayo hushambulia mapafu, kwa hiyo chanjo ya miezi 9 isirukwe, wala ya marudio ya miezi 18.

Na mpange mapema, mkiwa na akili zenu za mchana: nani kijijini ana pikipiki na namba yake ni ipi, fedha kiasi gani iwekwe kando isiguswe, nani atabaki na watoto wengine, tochi iko wapi. Mume akiwa safarini, mama awe na ruhusa yake tangu mapema ya kuondoka na mtoto bila kungoja simu ipatikane. Nyumba nyingine mtoto huchelewa si kwa kukosa usafiri, bali kwa kungoja mtu wa kusema ndiyo.

Kikohozi kinachopita wiki mbili hata baada ya dawa ni suala jingine. Mrudisheni mtoto achunguzwe kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa siku nyingi. Na mtu huyo mwende naye siku hiyohiyo.